Maharage ya Mama na Jua la Baridi

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa kwanza, mwanangu, jasho likinitiririka mgongoni na viganja vimetoka malengelenge, mama yangu mzazi akiwa amepiga magoti katika udongo wa mtaa wa Sydenham, hapa Durban. Alichota konzi moja, akainusa, akaionja kwa ncha ya ulimi, kisha akacheka. Tangu tutoke Uvira nilikuwa sijamsikia akicheka. Nilimpenda kwa moyo wote yule mwanamke aliyetupa kile kiwanja, na kama angeniambia siku ile nimbebe mgongoni mpaka mjini, ningembeba.

Nakueleza habari hii kwa sababu ya neno ulilolisema juzi hapa kwangu, ukiwa na kikombe cha chai mkononi. Ulisema kuna wageni wamefika kwenye jengo lenu, hawajui hili wala lile, ukamalizia, "Wacha wajifunze wenyewe, nasi tulijifunza wenyewe." Ukacheka. Mimi nilikusogezea sukari nikanyamaza, maana hasira ya mzee haifai kumwagwa mbele ya watu. Leo tuko wawili. Kaa.

Vita ya mwaka wa tisini na sita ndiyo iliyotutoa kwetu, kwenye vilima vya juu ya Uvira. Baba na kaka yangu walibaki huko chini ya ardhi, na hilo sitalisimulia leo. Mimi na mama tulivuka ziwa, tukakaa kambini upande wa Kigoma, kisha tukashuka nchi baada ya nchi mpaka mji huu wa Durban, ambao watu walikuwa wakiusifu kwamba una kazi. Tulianzia mtaa wa Albert Park, ghorofani juu kabisa, chumba kimoja familia tatu, mashuka yakiwa ndiyo kuta. Mimi nilikuwa kijana bado, vidole vyepesi, nikapata kazi ya kusuka katika saluni moja mjini. Mama alibaki dirishani. Mwanamke aliyelima tangu utoto, ukimweka juu kule mahali ambapo hata vumbi halifiki, anaanza kufa kuanzia miguuni. Kila jioni nilimkuta ameitumbukiza miguu yake katika beseni la maji, akisema inamwasha kwa kukosa udongo.

Mama Neema tulikutana naye kanisani. Alikuwa mtu wa kwetu kabisa, kijiji chao na chetu vilitenganishwa na mto tu, naye alikuwa ametutangulia Durban. Mume wake alilinda magari ya watu wanaokwenda ufukweni, na walikuwa wamepanga nyumba Sydenham, nyumba yenye kiwanja, ile ambayo sisi Wakongomani tunaiita parsele. Alipoiona miguu ya mama, alishika mdomo. Wiki ileile akatuhamisha, akatupa chumba cha uani, blanketi mbili na sufuria yenye mfuniko. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Mama Neema alitufaa. Nalisema hili mapema usije ukadhani nakusimulia habari za nyoka. Angekuwa nyoka, hadithi yangu ingekuwa fupi na mimi ningeshasahau.

Nyumba yenyewe ilikaa katikati ya parsele. Upande mmoja ulitazama barabara, na hapo palikuwa na kipande cha ardhi kisichozidi mikeka michache. Upande wa pili ulikuwa nyuma ya nyumba, kati ya nyumba na ukuta wa jirani, na huko ardhi ilikuwa pana, nyeusi, imejaa magugu. Mama Neema alimshika mama mkono, akamzungusha.

"Mama, hii yote ya nyuma ni yako," akasema. "Miye nitabaki na ile ya mbele. Iko kadogo, lakini inanitosha."

"Yote?" mama akauliza.

"Yote. Weye njo mulimaji, Mama. Miye ninachezeaka tu."

Mama alipiga magoti palepale kushukuru. Jua la mwezi wa kwanza lilikuwa limejaa kiwanja kizima, tangu asubuhi linapochungulia mpaka jioni linapozama, hakuna kona iliyobaki na kivuli. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulipewa jembe, tukalipokea kwa mikono miwili.

Tulichimba wiki nyingi. Mimi kabla ya kwenda saluni na nikirudi, mama kutwa nzima. Tulitoa matofali, vipande vya vigae, chupa, mizizi minene kuliko mkono wa mtu. Tulibeba samadi ya kuku kwenye mifuko, teksi zikatukataa kwa harufu, tukatembea nayo. Na Mama Neema alikuwa akija na chai, anakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, anatutazama. Anatusimulia habari za nyumbani, anatuchekesha. Mama akimaliza kupumzika, Mama Neema alimpa mkono wa kumwinua. Hiyo picha ya mwanamke anayekutazama ukichimba, na chai mkononi, imekaa nami miaka yote hii.

Sasa usikilize vizuri, maana hapa ndipo penye jambo. Kwetu, mwezi wa sita mpaka wa nane ni kipwa. Mvua imekwisha, kilima kimekauka, jembe linatundikwa, na watu hufanya harusi. Mtu akipanda kilimani wakati wa kipwa, watu humuuliza kama ana akili zake. Mama Neema ndiye aliyetufundisha kwamba Durban mambo ni kinyume. Alisema wakati wa joto huku mvua na wadudu hula kila kitu, shu inaoza kabla haijafunga kichwa. Shu ndiyo hiyo kabichi, mwanangu, msininunie na Kiswahili chenu cha redioni. Alisema baridi ya huku pwani haina barafu, anga ni safi, wadudu wamelala, kwa hiyo panda joto likianza kupoa, mwagilia kwa mkono, utakula mboga mpaka mvua zirudi. Mama alimsikiliza kama mwanafunzi. Na kila neno alilolisema Mama Neema lilikuwa kweli, nimelima huku tangu wakati ule na sijaona kosa ndani yake. Ubaya ulikuwa katika lile ambalo hakulisema.

Mama alikuwa na mbegu zake. Maharage ya madoa mekundu, aliyopewa na mama mkwe wake siku alipoolewa, akayapanda na kuyavuna kila mwaka tangu hapo. Tulipokimbia, mimi nilibeba nguo na yeye akabeba maharage, yamefungwa fundo katika kipande cha kitenge. Kambini tulilala njaa na fundo lile liko chini ya kichwa chake. Nilimwambia siku moja, mama, tuchemshe hata nusu, akanitazama mpaka nikaona haya. Sasa, mwezi wa tatu ukielekea mwisho, akalifungua. Alitenga konzi moja akaifunga tena, kwa sababu mkulima hapandi mbegu yote, na zilizobaki akazigawa kwenye matuta.

"Haya yakizaa," aliniambia, "nyumba ya baba yako haijafa."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwake. Usidhani tulikuwa tunazungumzia chakula. Madukani maharage yalijaa.

Na kuna jambo jingine ambalo ninyi mliozaliwa mjini hamlijui. Kwetu kuna watu wenye mkono wa kupanda. Mtu wa namna hiyo akiangusha mbegu ya kwanza, shamba linaitikia, na watu hutoka mbali kumwomba aje awaangushie. Mama alikuwa nao. Kijijini alikuwa anaitwa kila msimu, anapita shamba kwa shamba, anarudi amepewa kuku. Mama Neema alijua hivyo, kwani mama yake mwenyewe aliwahi kumwita. Basi siku tuliyomaliza kupanda nyuma, alikuja mlangoni kwetu amejitanda kitenge kwa heshima.

"Mama, leta mukono yako na kwangu," akasema. "Mbegu yangu inakungojea."

Mama akaenda mbele akamwangushia. Shu, spinachi, karoti, vitunguu. Akataka kumpa na maharage kidogo ayapande pembeni, lakini Mama Neema akacheka, akasema maharage ya kijijini yangemlia nafasi, na kipande chake ni kidogo. Mama alirudisha mkono na mbegu zake. Laiti angezipokea!

Maharage yaliota vizuri, yote kwa pamoja, mama akawa analala mapema ili kuche upesi. Tulisimika miti ya kupandia, yakaanza kujisokota. Halafu, mwezi wa nne ukiwa unamalizika, mama akaniita asubuhi moja kunionyesha kivuli. Kivuli cha nyumba kilikuwa kimelala juu ya tuta la kwanza, lile lililo karibu na dirisha la jikoni, na mpaka saa sita mchana kilikuwa hakijaondoka. Baada ya siku kadhaa kikafika tuta la pili. Kilikuwa hakiendi haraka. Kilikuwa kinasogea kidogokidogo, na mama akawa anaweka jiwe mahali kilipofikia, kesho yake anakuta jiwe liko ndani ya kivuli. Ulipofika mwezi wa sita, kiwanja chote cha nyuma kilikuwa gizani tangu asubuhi mpaka jioni, udongo umepoa, na ukitaka kuliona jua ilikupasa uizunguke nyumba uende upande wa barabara.

Utaniuliza, kwani nyinyi hamkujua? Hatukujua, mwanangu. Kwetu jua hupita utosini. Linayumba kidogo huku na huku, lakini halimkimbii mtu, na hulimi mbele wala nyuma ya nyumba ukiwa na hofu. Hatukuwahi kusikia nchi ambayo jua linahama upande mzima wa nyumba na kukaa huko miezi, kama mke aliyekasirika na kurudi kwao. Kwa mama haikuwa habari ya msimu. Alikuwa amezika mume na mtoto, amekimbia, amefika mwisho wa dunia, na sasa jua lenyewe lilikuwa linatoka shambani kwake tuta kwa tuta huku yeye akitazama.

Na aliuliza. Shika hapo, maana watu wengi hujitetea kwa kusema, hakuniuliza. Kuuliza si ujinga, na mama aliuliza. Mama Neema alikuwa bombani anaosha spinachi, majani mapana yanang'aa.

"Mwanangu," mama akamwambia, "jua ya huku inaendaka wapi?"

Mama Neema hakuinua kichwa. "Ni mambo ya Mungu, Mama," akajibu. "Tuombe tu."

Mama akaomba. Alifunga siku nzima, akaomba.

Maharage yakarefuka, yakawa ya manjano, yakitafuta mwanga mahali usipokuwepo. Unga mweupe ukafunika majani. Yalitoa maua machache na maua yakaanguka, hakuna hata ganda moja lililojaa. Na upande wa barabara, zile mbegu alizoziangusha mama kwa mkono wake huohuo, shu zilifunga vichwa mpaka watu wanaopita wakawa wanasimama. Akina mama wa kanisa walikuja kuona. Wakamshika mama mkono wakaubusu, wakasema, "Mama, huu mukono!" Mama akauficha ndani ya kitenge.

Kuanzia hapo alibadilika. Aliacha kuimba. Nikimwita tunywe chai nje, anasema nje kuna baridi. Usiku mmoja aliniambia polepole, uso ameuelekeza ukutani, "Mukono yangu inazalia benzangu. Kwangu miye imekufa. Mungu ameiondoa." Nikamwambia asiseme hivyo. Lakini nilikuwa na lipi la kumpa badala yake? Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuamini.

Halafu ikaja ile Jumapili. Tulitoka kanisani, mimi nikapitia kwa rafiki, na niliporudi nyumba nzima ilikuwa inanukia maharage na vitunguu. Mama alikuwa amepika sufuria moja kubwa, ameandaa meza ya Mama Neema, ametukaribisha sote. Tukala. Mama Neema alisifu sana, akasema, "Eh, Mama, hii ni tamu sawa ya kwetu kabisa," akaongeza mara ya pili. Mimi nilikuwa nimeshameza tonge kadhaa nilipokiona kile kipande cha kitenge. Kilikuwa kimetandikwa chini ya mkate, kimefuliwa, kimenyooshwa, hakina fundo. Ile konzi ya akiba ilikuwa imechanganywa na ya dukani, na ilikuwa midomoni mwetu.

"Mama," nikasema.

"Kula," akanijibu. "Mbegu haikai bila mukono."

Nikala. Ningefanya nini? Yalikuwa yameiva, na maji yakimwagika hayazoleki.

Siku chache baadaye nilikuwa nyuma ya nyumba nang'oa ile miche ya maharage iliyokufa, mama asiendelee kuiona. Mzee wa upande wa pili wa ukuta akaniita. Alikuwa Mhindi wa hapahapa Durban, mtu mkimya, wote tulimwita Anko. Watu wake walikuwa wakulima wa mboga kule Clairwood, kabla malori na maghala hayajaimeza ardhi yao, na mpaka uzeeni alikuwa na vituta vyake vya mboga uani. Aliniuliza kwa Kiingereza, ambacho nilikuwa nimekishika kidogo saluni, kwa nini sisi tunapanda baridi upande ule kila mwaka.

Nikamwambia, kila mwaka? Sisi ni mwaka wetu wa kwanza.

Akasema mwaka uliopita yule mama mwingine, huyo aliyetupa chumba, alipanda hapohapo. Akapoteza kila kitu. Akalia kwenye ngazi ile. Basi Anko akamweleza kupitia juu ya ukuta, kama alivyokuwa ananieleza mimi sasa, mkono wake ukichora angani. Wakati wa baridi jua la Durban linahamia upande ule wa barabara, tena linapita chini chini, nyumba inalikinga, na nyuma hapa panakuwa kivuli mpaka linaporudi, mwezi wa tisa. Jua hilo analijua kila mtu wa mtaa huu, akasema, hata mtoto. Alituona tukichimba mwezi wa kwanza, akadhani tunatayarisha mambo ya msimu wa joto. Akadhani rafiki yetu ametueleza.

Nilimshukuru. Nilimshukuru kwa heshima zote, mwanangu, kisha nikaenda kumtafuta yule rafiki yetu.

Mama Neema alikuwa bombani. Sikumwamkia, ingawa siku zote nilimwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Jua."

Aliendelea kuosha jani moja, mbele na nyuma, polepole. Hakujifanya haelewi, hilo nampa. "Na miye wakati nilifikaka," akasema, "nani aliniambiaka? Nililimaka kule peke yangu, Riziki. Nililiaka baridi nzima. Hakuna mutu alinihurumia. Nikasema na nyinyi mutajifunza, sawa miye."

"Mama alikuuliza! Hapahapa bombani alikuuliza!"

"Ningemujibu nini? Angetaka kuhamia mbele." Akafunga bomba. "Na mbele iko kadogo."

Kisha akalegea kidogo, akanishika bega, akasema lile ambalo mpaka leo linanichoma kuliko yote. "Eish, Riziki. Ni maharage tu."

Nilichukua panga lililokuwa limeegemea mlango. Usinitazame hivyo, sikumwendea yeye. Nilizunguka nyumba nikaenda upande wa barabara, kwenye jua, kwenye zile shu zake, nikainua mkono. Nilikuwa nimeamua kwamba jioni ile hakutabaki hata jani. Mama alikuwa amesikia kelele, akatoka kwa mlango wa mbele, hana viatu.

"Weka chini."

"Mama, hujui."

"Weka chini, Riziki. Ile mbegu niliangusha miye. Ukikata hiyo shu, ni mukono yangu unakata."

Nikaliweka chini. Nikamweleza yote palepale, ya Anko, ya jua linalohama, ya mwezi wa tisa. Nilikuwa nafikiri nampa dawa. Nilikuwa nafikiri nikimwambia kwamba mkono wake ni mzima, kwamba Mungu hakuondoa kitu, kwamba ni jua tu lilikwenda upande wa pili na litarudi, ataruka kwa furaha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja.

"Alijua?"

"Alijua, mama."

"Tangu siku tulikuwa tunachimba?"

"Tangu siku ile. Alikaa pale na chai."

Mama alitazama zile shu, akatazama mkono wake. Akasema, "Afadhali ingekuwa ni jua."

Nilikuwa kijana, sikumwelewa vizuri. Sasa nimefika umri wake, namwelewa kupita kiasi. Jua likikuhama, unaweza kulia mbele ya Mungu, ukangoja. Lakini mtu wa kwenu, uliyemwita mwanangu, aliyekupa blanketi, akikutazama unazika mbegu yako ya mwisho mahali anapojua itakufa, utalia mbele ya nani? Kikulacho ki nguoni mwako. Mama angeishi na ile huzuni ya kwanza. Hii ya pili ndiyo iliyommaliza.

Hatukuhama, kwa sababu hatukuwa na pa kwenda. Tuliendelea kula meza moja mpaka baridi ikaisha. Mama hakumtukana, hakumnunia, kila asubuhi alimwamkia. Ila hakumwita tena mwanangu. Alimwita Mama Neema, kwa sauti ya heshima kabisa, kama unavyomwita mtu mliyekutana naye kwenye foleni. Mama Neema aliisikia tofauti hiyo mara ya kwanza tu, nilimwona namna alivyoshtuka.

Nilijaribu kutafuta maharage yale. Niliwaomba watu wanaotuma mizigo nyumbani waniulizie. Mwezi wa nane vita ikawaka upya kule kwetu, barabara zikafungwa, na watu tuliokuwa tukiwaomba mbegu wakawa wanatuomba sisi habari za ndugu zao. Na mwezi wa tisa, kama Anko alivyosema, jua lilirudi. Lilianza na tuta la mwisho karibu na ukuta, likaja tuta kwa tuta mpaka dirisha la jikoni, likajaza kiwanja chote kile kitupu. Nilinunua pakiti za mbegu dukani, nikamletea. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya matuta, anaota jua, miguu ameinyoosha kwenye udongo. Aliipokea pakiti, akaitikisa sikioni, akanirudishia.

"Panda weye," akasema. "Miye nitaangalia."

Aliangalia mpaka alipofariki, miaka michache baadaye, na hakuangusha tena mbegu hata moja, si kwake wala kwa mtu. Tulimzika hapahapa Durban. Mama Neema alikuja, akalia kilio cha kweli, akaanguka mikononi mwangu. Nilimshika. Wema hauozi, na blanketi zake nilikuwa sijazisahau. Lakini nilipokuwa nimemshika nilikuwa natazama juu ya bega lake, na moyoni nilikuwa namuuliza bado, hivi neno moja lingekugharimu nini?

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nayo siku ile uliponichekea na kikombe mkononi.

Mwanangu, taabu si jando, kwamba kila anayekuja lazima apite kwenye kisu kwa kuwa na wewe ulipita. Ulilia peke yako? Pole. Ulikosewa, na nasikitika kwamba mimi sikuwepo. Lakini machozi yako yalikupa kitu kimoja, yalikupa kujua, na ukikificha kitu hicho ili mwenzako naye alie, basi mkosaji ameongezeka, na safari hii ni wewe. Usiseme hawakuniuliza. Mgeni hajui la kuuliza. Na akiuliza, usimtupie jina la Mungu ili umalize mazungumzo. Ukimpa mtu chumba, blanketi, hata jembe, ukamnyima neno moja analolihitaji, kuna siku atakumbuka lile neno na blanketi halitamtia joto. Nawe upande wako, ukipewa kikubwa na mtu aliyebaki na kidogo, shukuru kwa magoti, kisha simama uende ukaulize na jirani. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini usiulize mlango mmoja tu.

Sasa maliza chai yako urudi kwenye jengo lenu. Kawagongee mlango wageni wale kabla hawajafungua mizigo. Waambie bomba linakauka saa ngapi, waambie ni ofisi gani inawazungusha watu bure, waambie mtaa gani wasipite jioni, na kama wana kipande cha ardhi waambie jua la baridi linapita wapi. Wakikucheka, wacheke.

Mungu akupe ardhi, na mbegu, na mkono unaoitikiwa. Akupe kila mahali utakapohamia mtu wa kukupigia kelele kabla hujaanza kuchimba. Na siku utakapokuwa wewe ndiwe uliyekaa kwenye ngazi na chai mkononi, ukimtazama mwenzako anachimba pasipofaa, Mungu akuchome moyo mpaka usimame, ufungue mdomo, useme. Amina.